Mchirizi wa Dakika Nne

Ijumaa, tarehe 4 Juni 2128. Manyunyu yalikuwa yakishuka polepole bila upepo, na ukungu ulikuwa umelala chini kiasi kwamba mtu aliyesimama mlangoni mwa kiwanda hakuona viatu vyake. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha digrii sita. Skola Mahenge aliyaandika hayo yote kwenye daftari la ukaguzi kabla ya kuwasha taa, kama sheria ya chumba cheupe ilivyotaka, kisha akavua viatu, akavaa soksi safi za sufu, akaingia.

Lenzi ilikuwa imesimama katikati ya chumba, imeshikwa na fremu ya mbao iliyozungushiwa blanketi. Ilikuwa pana kuliko mlango wa kanisa. Haikuwa na rangi hata kidogo. Ukisimama mbele yake uliuona ukuta wa upande wa pili, ila ulionekana umesogea karibu na umetulia zaidi, kama ukuta unaosinzia.

"Umeamkaje, Arobaini na Moja," Skola alisema kwa sauti ya chini.

Arobaini zilizotangulia zilikuwa zimekwisha kuondoka Ilindi kwa malori, zikapandishwa kwa maputo juu ya Utando, lile wingu lililofunika nyanda za juu miaka thelathini na mmoja iliyopita na lisifunguke tena. Huko juu kila lenzi ilikusanya jua na kulishusha kama uzi mmoja wa nuru. Uzi huo ulichoma ukungu, ukatua kwenye sinia la vioo katikati ya kijiji, na sinia likalimwaga jua uwanjani. Watu wa vijiji arobaini walianika maharage na watoto wao kwenye viwanja hivyo. Ilindi, kijiji kilichotengeneza lenzi zote, hakikuwa na uwanja wa jua. Zamu yake ilikuwa imewekwa mwisho, na sasa ilikuwa imefika.

Mlango ulifunguliwa kidogo. Festo Ilomo, fundi mkuu wa tanuri, aliingiza kichwa tu, kwa sababu viatu vyake vilikuwa na matope.

"Dada Skola, bado unaisalimia? Tia sahihi tukanywe uji."

"Sijaitazama, Fundi."

"Mkaguzi ameitazama." Alinyoosha kidole kwenye mashine iliyokuwa pembeni, na karatasi iliyoning'inia mdomoni mwake. *Hakuna kasoro.* "Ameitazama mara elfu tatu."

"Mkaguzi hana mjukuu."

"Hana, wala hana mguu unaokufa ganzi kama huu wangu. Mimi nataka jua, dada. Jumapili baada ya ibada inapanda. Mwinjilisti Nehemia ameshaandaa neno."

"Kama Nehemia ndiye ameandaa neno, basi itapanda Jumatatu."

Festo alicheka hadi akakohoa, akafunga mlango.

Skola alibaki na kazi yake. Zamani Mkaguzi alifanya kazi peke yake, na ndivyo lenzi ya tisa ilivyoondoka na uzi mwembamba ndani ya kioo chake, uzi ambao hakuna aliyeuona. Katika kijiji ilikopelekwa, siku moja sindano ya nuru ilitoka nje ya sinia, ikatembea uwanjani taratibu kama konokono, na mama mmoja aliyekuwa akimenya viazi akainua uso kuitazama. Hakuona tena. Tangu hapo sheria ikataka jicho la mtu pamoja na mashine. Ilindi walimchagua Skola, ambaye alikuwa amefagia chumba hicho kwa miaka kumi na tisa bila kuangusha kitu, na ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza ameanza madarasa ya jioni, akijifunza desimali akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Aliwasha taa ya tundu, taa yenye kifuniko cha chuma na tundu dogo kama la sindano, akaiweka juu ya stuli, usawa wa katikati ya lenzi. Nuru ilipita kwenye kioo ikatua ukutani. Kioo kizuri huacha ukuta ukiwa mweupe sawasawa. Kiputo huonyesha kidoa. Mchirizi, yaani mahali ambapo kioo hakikuchanganyika vizuri, huonyesha kivuli chembamba, kama nywele iliyoanguka kwenye shuka.

Alivikuta viputo vitatu. Alivipima kwa rula ya darubini ndogo, akaviandika: kimoja robo ya milimita, viwili chini ya hapo. Sheria iliruhusu hadi kumi na viwili. Kwingine ukuta ulikuwa safi. Alizungusha fremu mara sita, na mara sita ukuta ukabaki safi. Moyo wake ulianza kuimba.

Alikuwa na desturi ya kuomba kabla ya kutia sahihi. Taa ilikuwa ikimpiga machoni, basi akaishusha kutoka kwenye stuli, akaiweka sakafuni, akapiga magoti kando yake. Alimshukuru Mungu kwa mchanga, kwa moto, kwa miezi kumi na minne ambayo kioo kilipoa bila kupasuka. Alimtaja mjukuu wake Tabea, mwenye miaka miwili na nusu, ambaye miguu yake ilikuwa ikipinda kama mishikio ya kikapu kwa sababu mifupa yake haikuwahi kuliona jua. Aliwataja watoto wengine kumi wa Ilindi, mmoja mmoja, kwa majina ya mama zao. Akasema amina, akainua kichwa.

Kutoka sakafuni nuru ilikuwa ikipita kwenye lenzi kwa mshazari na kupanda hadi darini. Na pale darini, kwenye mbao zilizopakwa chokaa, palikuwa na kivuli cha uzi.

Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomuumiza baadaye, kwamba jambo la kwanza aliloliona lilikuwa uzuri wake. Ulijizungusha mviringo ndani ya mviringo, mwembamba, kama moshi wa ubani ulioambiwa usimame. Skola aliutazama kwa muda mrefu akiwa bado amepiga magoti. Kisha aliinuka, akaiweka taa juu ya stuli. Uzi ukatoweka. Akaishusha tena. Ukarudi.

*

Alipima hadi saa tisa alasiri. Alilinganisha kivuli na vibao vinne vya kioo vilivyoletwa kiwandani kwa kazi hiyo, kila kimoja na mchirizi wake unaojulikana: wa kwanza hafifu kabisa, wa nne mnene. Vilivyoruhusiwa ni cha kwanza na cha pili. Uzi wa darini ulikuwa mzito kuliko cha tatu. Alipima mshazari kwa kipimapembe: digrii ishirini na mbili na nusu.

Alijua maana yake, lakini hakujiamini. Alinakili mchoro kwenye karatasi, akaupeleka darasani.

Darasa la jioni lilifanyika kwenye kantini ya kiwanda kuanzia saa kumi na moja, meza zikiwa bado zinanukia kitunguu. Mwalimu Anjelista alikuwa na miaka ishirini na sita, na wanafunzi wake tisa wote wangeweza kumzaa.

"Mwalimu, naomba zoezi," Skola alisema. "Kioo kina mchirizi unaoonekana kwa pembe hii tu. Kikiwa juu ya Utando, utaonekana saa ngapi?"

"Nani atalijibu?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi sitalijibu, nimechoka," alisema Zakayo Tweve, mpishi wa kantini, aliyekuwa akisoma huku akiosha sufuria. "Nimepika kwa watu mia. Niulizeni habari za chumvi."

"Baba Zakayo, jua linatembea digrii ngapi kwa saa?"

"Kumi na tano. Hilo hata chumvi inajua."

"Basi digrii ishirini na mbili na nusu ni saa ngapi?"

Zakayo aliweka sufuria chini, akahesabu kwa vidole vyenye povu. "Saa moja na nusu. Kwa hiyo... saa moja na nusu kabla ya jua kufika katikati, na saa moja na nusu baada. Saa nne na nusu asubuhi, na saa saba na nusu mchana." Alitazama wenzake. "Mmeona? Na mkaniweka jikoni."

Walimpigia makofi. Skola hakupiga. Saa nne na nusu ni saa ambayo akina mama huwaleta watoto uwanjani.

Mwalimu alikuwa ameuvuta mchoro karibu. "Mama Yusta, umeuchora wapi huu?" alimuuliza Skola. "Ni mzuri mno kwa kubuni. Tazameni. Huu ni mkorogo. Kioo kinapoyeyuka, mkono wa kukoroga huzunguka mara tatu kwa dakika, saa kumi na tisa bila kusimama, na huacha miduara hii. Miduara ikilingana na kukorogwa hadi mwisho, inafutika. Lakini hapa," aliweka kalamu mahali ambapo miduara ilikatika na uzi kushuka wima, mnene, kabla ya kuanza kuzunguka tena, "hapa mkono ulisimama. Kioo kizito kikazama kwa uzito wake. Kimezama milimita nane. Kwa joto la mwisho wa mkorogo, kinazama milimita mbili kwa dakika."

"Dakika nne," Zakayo alisema.

"Dakika nne. Umeme ulikatika, labda?"

Skola alikunja mikono mapajani. Zakayo, ambaye alikuwa bado anatabasamu kwa ajili ya hesabu yake, alianza kusema, "Dakika nne ndizo Nehemia anazoombea ugali wangu mpaka unapo..." akanyamaza katikati ya neno. Tabasamu lilimtoka taratibu. Wengine nao walikumbuka, mmoja baada ya mwingine.

Ilikuwa Aprili ya mwaka uliotangulia. Kwa lenzi arobaini walikuwa wameomba kabla ya kuwasha tanuri, nje, wakiwa wamevaa makoti. Lakini hii ilikuwa yao. Mkorogo ulipokaribia kwisha, kijiji kizima kiliingia na kusimama kuzunguka chungu cha kioo chekundu, nyuso zao zikiwa na rangi ya machungwa, na Mwinjilisti akafungua Kitabu. Mkono wa kukoroga ulikuwa ukikwaruza, krr, krr. Ndipo mtu mmoja aliposema kwamba si heshima. Ndipo Festo aliposhusha swichi. Waliomba Baba Yetu kwa utulivu mkubwa, na Nehemia akaendelea na wagonjwa, wasafiri, na wote walio mbali na nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyefungua jicho kutazama saa.

Mtu yule aliyesema ni Skola.

*

Jumamosi asubuhi Festo, akiwa amekwisha kusikia yaliyosemwa darasani, aliingia chumba cheupe akiwa amevua viatu. Alitazama darini, kichwa nyuma, mdomo wazi kidogo.

"Kwa hiyo ndiyo hiyo," alisema hatimaye. "Sala yetu."

"Ndiyo hiyo."

"Mimi nilidhani sala haina umbo."

Walikaa sakafuni, migongo ukutani, kama watu wanaosubiri zahanati.

"Sikiliza, dada. Tuweke kengele. Saa nne na nusu inalia, watu wanatoka uwanjani, dakika kumi, wanarudi. Saa saba na nusu hivyo hivyo. Watu wa Ilindi wanajua kutii kengele, wamelelewa kanisani."

"Puto linayumba, Fundi. Siku ya upepo pembe inabadilika. Sindano itatoka saa tatu, au saa tano, au mara nne kwa siku. Utapiga kengele ya upepo?"

"Basi tuwape miwani."

"Na mtoto wa miaka miwili utamshikia miwani? Na mbuzi?"

Festo alijikuna kichwa. "Tukikataa hiki, kingine ni lini?"

"Tukiyeyusha wiki ijayo, miezi kumi na minne ya kupoa. Mwezi wa nane, mwakani."

"Tabea atakuwa na miaka karibu minne. Mifupa hainyooki tena ikishakomaa, nesi alisema." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayesoma kipimo. "Na ukikataa utalazimika kuandika chanzo. Utaandika nini? Kwamba Baba Yetu ndiyo iliyoharibu kioo? Watu wa mamlaka watacheka mpaka mwaka uishe. Watatukataza hata kusema amina humu ndani."

"Nitaandika kwamba mkono ulisimamishwa dakika nne."

"Na nani aliusimamisha?"

"Wewe ulishusha swichi."

"Nani aliniambia?"

Festo alimgusa bega kwa upole, akajiinua kwa kushika ukuta. "Mkaguzi amesema hakuna kasoro. Karatasi ipo. Sahihi yako tu ndiyo haipo. Mimi sikulazimishi, dada yangu. Lakini fikiri ni nani atakayekuuliza kitu ukitia." Alisimama kidogo mlangoni. "Na fikiri ni nani atakayekuuliza usipotia."

Aliyemuuliza alifika saa sita mchana. Yusta, binti yake, alikuja na Tabea mgongoni na chakula cha mama kwenye kibakuli. Zakayo alikuwa amemweleza kila kitu.

Tabea alishushwa, akatembea. Alitembea akiyumba, miguu ikiwa imepinda nje, akicheka kwa sababu sakafu ilikuwa laini. Alikwenda moja kwa moja kwenye lenzi, akaweka kiganja juu yake kabla ya mtu yeyote kumzuia.

"Baridi," alisema.

"Mama, tia sahihi," Yusta alisema.

"Yusta."

"Nitamkalisha pembeni. Nitamfunika uso. Nitakaa naye mimi mwenyewe, saa zote, na khanga mkononi. Nisiposinzia mimi, itamfikiaje hiyo sindano?"

"Na watoto wa wenzio?"

"Wenzangu nao wana khanga!" Machozi yalikuwa yamemjaa. "Unaniuliza habari za watoto wa wenzangu. Mwaka jana nilikuambia nimpeleke Makangala, saa tatu kwa miguu, wana uwanja mzuri wa jua, nikaombe nafasi. Uliniambia nini? Uliniambia watu wa Ilindi hawaombi jua, wanalitengeneza. Kila mtu hapa anasema hivyo. Mama Eda anasema hivyo, na mtoto wake hawezi hata kusimama. Nikakusikiliza, nikangoja. Sasa unasema ningoje tena."

Skola alikumbuka kwamba aliyasema maneno hayo, na kwamba yalimpendeza wakati anayasema.

Yusta alimfunga Tabea mgongoni, akavuta ncha za mbeleko kwa nguvu, akatoka. Chakula kilibaki juu ya stuli.

Mvua ilianza kwenye mabati, ile mvua ndogo isiyo na haraka. Skola alizima taa zote isipokuwa ya tundu, akaketi sakafuni chini ya uzi wa darini. Alijaribu kuomba na hakupata pa kuanzia. Kila alipotaka kusema Baba, aliona kivuli. Alikuwa ameomba maisha yake yote, shambani, kwenye ufagio, kwenye mstari wa kwanza wa alfabeti, na haikuwahi kumjia kwamba sala inaweza kumdhuru mtu.

Usingizi ulimkuta ameketi.

Aliota yumo ndani ya kioo. Kilikuwa bado na joto, chepesi kupita kama maji ya kuoga mtoto, na kila kitu kilikuwa na rangi ya machungwa. Alitembea bila kugusa chini. Mbele yake uzi ulining'inia kutoka juu kama kamba ya kengele, akaushika. Ulikuwa unanong'ona. Alipopandisha mkono alisikia maneno ya mkate na ya kusamehewa, sauti ya kijiji kizima, ya baba na mama pamoja, na alipoushusha alimsikia Nehemia akiwaombea wasafiri, polepole, mpaka maneno yakawa mazito na kuzama. Kila neno lilikuwa mahali pake, halikupotea hata moja. Alifurahi sana. Akasema moyoni, kumbe zinahifadhiwa.

Kisha akataka kujua mwanzo wake. Akapanda, mkono juu ya mkono, hadi pale miduara ilipokatika, na hapo juu kabisa, kabla ya sala yoyote, palikuwa na sauti moja tu ya mwanamke. *Zima huo mkono, Fundi. Mungu asikie.*

Aliamka. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Aliketi akisikiliza mabati, na maji kwenye mfereji, na feni ya tanuri iliyokuwa ikilia mbali, krr, krr, na akajiuliza ni lini Mungu alimwambia kwamba mlio wa mashine unamsumbua.

Hakupata sauti yoyote ya kumjibu. Alipata tu kwamba angeweza kuomba tena. Akaomba, macho wazi, akiutazama uzi, kisha akachukua daftari na kalamu. Aliandika hadi daftari likapoteza nuru ya dirishani.

*

Jumapili ukungu ulipanda kidogo, ukafika usawa wa paa. Ibada ilikwisha saa nne. Watu wa Ilindi walitoka kanisani wakiwa na nguo zao za sikukuu, wakaenda wakiimba hadi uwanja mpya, ambako sinia la vioo lilikuwa limesafishwa na puto lilikuwa limejazwa nusu, likijigeuza juu ya kamba zake kama mnyama mkubwa mpole. Lenzi ilikuwa imeletwa kwa kitoroli, imefunikwa shuka nyeupe. Akina mama wenye watoto waliwekwa mbele. Mtu alikuwa amechora kwa chokaa duara ambamo jua lingetua.

Festo alimkabidhi Skola ubao wenye karatasi na kalamu. Alimwangalia machoni, kisha akatazama pembeni, kama mtu anayempisha mwingine njiani.

Skola aliupokea ubao. Hakuandika. Alimwendea Mwinjilisti Nehemia, akanong'ona naye, na mzee yule akashtuka, akavua kofia, akarudi nyuma hatua moja.

"Ndugu zangu," Skola alisema. Hakuwa amezoea kusema mbele za watu, na sauti yake ilitoka nyembamba. "Lenzi hii ina mchirizi. Mkaguzi hakuuona kwa sababu yeye hutazama uso kwa uso tu. Upo, nimeupima, ni mzito kuliko kibao cha tatu. Tukiipandisha itatupa jua, na siku moja itachukua macho ya mtu. Sitatia sahihi."

Sauti zikaja zote pamoja.

"Hapana!"

"Miaka thelathini na mmoja, Skola!"

"Acheni aseme!"

"Aseme nini tena? Mashine imepitisha!"

"Mama Yusta," Mama Eda aliita kutoka mbele, mwanawe akiwa amelala kifuani kwake kama mzigo wa nguo, "imeharibiwa na nani? Tuambie. Nataka kumjua."

Festo alifungua mdomo. Skola aliinua mkono kumzuia.

"Na mimi. Mkumbuke siku ile tulipozunguka chungu. Mkono wa kukoroga ulikuwa unapiga kelele, nikaona si heshima kwa Mungu, nikamwambia Fundi auzime. Ulisimama dakika nne. Si sala iliyoharibu kioo. Ningeweza kuomba na mkono ukazunguka, Mungu angesikia vile vile. Nilitaka pawe kimya ili sisi tuonekane tunaomba. Nimeliandika hivyo kwenye ripoti, kwa jina langu."

Mama Eda alimtazama. Uso wake haukulainika. "Na huyu?" alisema, akimwinua mtoto kidogo. "Umeandika nini juu ya huyu?"

Hilo ndilo swali ambalo Skola alikuwa amelala nalo. Aliweka ubao chini, kwenye nyasi zenye maji. Alimtafuta Yusta kwa macho, akamwona nyuma ya wengine, mikono imekunjwa, Tabea akichungulia begani kwake. Akavuta pumzi.

"Mwinjilisti, nishuhudie. Fundi Festo, nishuhudie. Nyote nishuhudieni," alisema, na sasa sauti yake ilifika hadi kwenye kamba za puto. "Mimi ndiye niliyesema watu wa Ilindi hawaombi jua. Nililisema kwa kiburi, na watoto wamekilipia kwa miguu yao. Naahidi mbele za Mungu na mbele yenu: kesho nakwenda Makangala, napiga magoti kwenye uwanja wao, naomba jua kwa mdomo wangu huu. Wakinikatalia, nitarudi keshokutwa. Wakinikubalia, nitawabeba watoto wetu huko kila Jumatatu na kila Alhamisi, kwenda na kurudi, mvua inyeshe isinyeshe, miezi yote kumi na minne, mpaka kioo kingine kipoe. Wa Mama Eda nitambeba wa kwanza. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimesimama hapa hapa na mbeleko. Mwenye mtoto na aje naye."